Nani Amezama?

Ingia duka lolote la vifaa mjini Kakamega uulize vifaa vya kupiga mbizi, uone utakavyopewa pole. Mwenye duka ninayemjua mimi, ambaye huwauzia wachimba dhahabu wa Rosterman kamba na gambuti, alivua miwani yake, akailaza juu ya daftari la madeni, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Woi, pole sana, Mwalimu. Nani amezama?"

"Hakuna aliyezama, mzee."

"Ni Isiukhu au ni Nzoia?"

"Nimesema hakuna. Nakwenda kuzama mwenyewe. Baharini. Kwa hiari yangu."

Alinitazama, kisha akachungulia nje kuona kama nimekuja na mtu wa kunirudisha nyumbani.

Simlaumu. Kwetu mpiga mbizi ni mtu anayetafutwa mambo yakishaharibika. Huja na kaptura na kamba, huingia mtoni watu wakiwa wamejaa ukingoni, na akitoka huwa hana habari ya kumfurahisha mtu. Sasa umwambie mzee kwamba kuna mtu mzima, mwenye mke, mkopo wa chama na goti bovu, anayefunga safari ya karibu kilomita elfu moja mpaka Wasini ili aingie majini bila kumtafuta yeyote. Hata mimi ningechungulia nje.

Aliyenitia katika haya ni mpwa wangu anayesomea mambo ya bahari huko Mombasa. Pale Wasini, ng'ambo kidogo tu ya Shimoni, wanakijiji na watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari, wamekuwa wakipanda matumbawe. Vipande vidogo hukuzwa kwenye vitalu chini ya maji, vikishapata nguvu vinahamishiwa mwambani, kama tunavyohamisha miche ya miti shuleni. Joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi sana ya Bahari ya Hindi, na tangu hapo bahari ikipata homa, yaliyobaki hupauka tena. Wajitolea wanahitajika. Mimi ni mlezi wa klabu ya mazingira, na nimekuwa nikisema kwenye kila harusi na kila matanga kwamba vijana wa siku hizi hawajitolei. Mpwa wangu akanyamaza, akasubiri, kisha akanitumia orodha kwenye simu.

Nilikuwa nikidhani anayejitolea hubeba mikono yake miwili na chupa ya maji. Orodha ile ilikuwa na miwani ya kufunika macho na pua, mrija, mapezi ya miguuni, viatu vya mpira vya kuvalia mapezi, vazi la mpira la milimita tatu, jaketi la kujazwa hewa, mshipi wa risasi, mtungi, kidude cha kupumulia chenye mipira inayoning'inia kila upande, kompyuta ya kufunga mkononi, kisu cha kukatia nyavu na puto la kumwonyesha mwenye mashua ulipo. Nilihesabu bei kwa kalamu nyekundu. Fedha hizo zikipelekwa Malinya zinarudi na fahali wa kupigana, na fahali angalau ukimchoka unamchinja.

Mke wangu alisoma orodha mara moja tu. "Baba watoto, hayo matumbawe yanajua unakuja na mzigo wote huu?"

Mwenye duka naye, alipoamini hakuna msiba, aligeuka mshauri. Alinipa miwani ya fundi wa kuchomelea vyuma. Alinipa gambuti. Kuhusu mtungi akasema nisijisumbue, kuna kijana wa pancha pale kona mwenye kompresa nzuri ya petroli; ataniunganishia mpira mrefu nipumue nikiwa chini. Watu watatu waliokuwa wakinunua misumari wakaafiki. Ilibidi nieleze, nikiwa nimeshika gambuti mkononi, kwamba hewa ya kupumua chini ya maji hushindiliwa na kompresa maalumu yenye vichujio, kwa sababu moshi kidogo tu wa injini ukiingia mtungini, ile sumu inayokuua kimya kimya ndani ya nyumba yenye jiko la makaa inakuua haraka zaidi ukiwa na shinikizo la maji juu yako. Kijana wa pancha, aliyekuwa ameitwa tayari, alikasirika. Alisema kompresa yake haijawahi kuua gurudumu.

Miwani ndiyo iliyonila muda. Kwenye supamaketi huwa wanauza ile midogo ya kuogelea, inaning'inia karibu na peremende, na muuzaji aliniapia kwamba maji ni maji. Sivyo. Ukishuka mita kumi shinikizo linakuwa mara mbili ya lile la juu, hewa iliyo ndani ya miwani inajikunja, na miwani inaanza kukuvuta macho. Dawa yake ni kupuliza hewa kidogo kwa pua ndani ya miwani, na miwani isiyofunika pua haina pa kupulizia. Pua pia unaibana kwa vidole ili kuzibua masikio. Yaani kifaa chote kimejengwa kuizunguka pua, na pua yangu, namshukuru Mungu, haikujengwa kwa kubania matumizi.

Nikaenda Nairobi. Kujaribu miwani ya mbizi si kama kujaribu kofia. Unaiweka usoni bila kufunga mkanda, unavuta hewa kidogo kwa pua, unaachia mikono. Ikishika, ni yako. Ikianguka, wacha ianguke. Nilisimama katikati ya duka nikivuta pumzi na kuangusha miwani, moja baada ya nyingine, mbele ya kijana aliyekuwa akizidaka kwa ustadi wa kipa wa Ingwe. Mwishowe akaniambia kwa adabu, "Mzee, labda tuanze na masharubu." Kweli kila unywele ulio chini ya mpira ni mlango wa maji. Masharubu haya yana umri kumzidi kijana huyo. Nilinyoa upande wa juu tu, karibu na pua, na sasa nyumbani naitwa kwa jina la mwanasiasa nisiyempenda.

Kisha ukishaipata, miwani mpya ina utando wa kiwandani unaoifanya iingie ukungu, kwa hiyo unaisugua kwa dawa ya meno kabla ya kuitumia, na kila unapoingia majini unaitemea mate na kuisuuza. Sijatia chumvi. Kioo cha pesa zote hizo, na kinachokifanya kifanye kazi ni mate. Faraja yangu ni kwamba ndani ya maji kila kitu huonekana kikubwa kwa kama theluthi moja. Nimekula samaki wa Kakamega maisha yangu yote. Nastahili kumwona mkubwa japo mara moja.

Vazi la mpira nililitafuta kwenye mitumba. Mama mmoja alikuwa nalo kweli, jeusi, limekunjwa kati ya makoti ya mvua, na alikuwa akiliuza kama nguo ya bodaboda msimu wa masika. Nilipomweleza ni la nini, akapandisha bei. Nyumbani mke wangu aliuliza maji ya Wasini yana baridi gani. Nikamwambia nyuzi 25 hivi wakati wa kusi, hata 29 wakati wa kaskazi. "Hayo si ndiyo maji ya kuoga tunayopasha?" Nikamweleza kwamba maji hunyonya joto la mwili upesi kuliko hewa mara nyingi, na kwamba mpanda matumbawe hakimbii huku na huko, anaelea mahali pamoja akifunga kipande kwa uzi. Akasema kufunga uzi naweza hata hapa.

Kulivaa ni kazi nyingine. Linakwama kwenye kisigino, linakwama kwenye goti, na ukifika kiunoni umeshatoka jasho la kulijaza. Wapiga mbizi wana ujanja wao: vaa mfuko wa plastiki mguuni kwanza, mpira utateleza. Wanasahau kwamba mimi ni Mkenya. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku hapa Agosti 2017, faini inafika shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne, na mwaka 2020 plastiki za kutumia mara moja zikapigwa marufuku pia kwenye mbuga na fukwe zinazolindwa. Niende kuiokoa bahari, nishikwe Shimoni na mfuko mguuni? Nilitumia soksi za kanisani.

Na ukimaliza kulivaa unaelea. Mpira una hewa, maji ya chumvi yanakuinua, na mapishi ya mke wangu yanakuinua zaidi, kwa hiyo unafungwa mshipi wa risasi kilo kadhaa ili uzame, kisha unavalishwa jaketi la hewa ili usizame sana. Nilimwomba mpwa wangu anieleze mara mbili. Alinieleza mara mbili.

Kinachoniuma ni wenyeji. Mvuvi wa Wasini anashuka na miwani, kaptura na pumzi moja, anapanda na samaki. Wanawake hufuata maji yakitoka, raba miguuni na chuma mkononi, wakachokoa pweza. Hakuna aliyewahi kuwauliza kompyuta yao iko wapi. Nilipomwambia mpwa wangu hivyo, ndipo akanifungulia siri: "Mjomba, wewe nunua miwani tu. Na viatu, kwa sababu mawe ya kule yanakata. Hivyo vingine utakodi huku. Glavu usilete kabisa. Mwenye glavu hushikashika matumbawe." Kumbe orodha iliandikiwa wajitolea wanaotoka Ulaya, wenye gereji.

Basi nikafurahi. Nikasema na kompyuta nayo tuifute.

"Hiyo utaihitaji, mjomba, kwa ajili ya kurudi. Ukishapiga mbizi siku kadhaa, mwili una naitrojeni nyingi. Ukienda juu haraka inatoka kwa mapovu, inakupooza. Subiri saa 18 angalau kabla ya kupanda ndege."

"Mimi sipandi ndege. Napanda basi."

"Basi nalo linapanda, mjomba."

Nikachukua ramani ya jiografia ya Kidato cha Pili. Mombasa ni usawa wa bahari. Nairobi ni karibu mita 1,700. Dereva akipitia Eldoret, Timboroa inazidi 2,700, ndipo ateremke Kapsabet na Chavakali kunifikisha hapa kwetu kwenye 1,500 na kitu. Nilimpelekea mke wangu habari kwamba itanibidi kulala Pwani siku ya ziada, kwa amri ya sayansi. Alinitazama kwa muda mrefu. Akauliza kama sayansi hiyo inalipa na chumba.

Jana nilikwenda kukata tiketi ya kurudi. Karani akauliza dirishani au ndani. Nikamuuliza kama wana basi lisilopitia milimani. Akaweka kalamu chini, akamwita mwenzake wa dirisha la pili aje asikie.