Shemeji na Baiskeli ya Mashindano

Shemeji yangu ameamua kuendesha baiskeli. Hongera zake. Hata hajajua breki ya mbele iko mkono upi, keshataka fremu ya kaboni, eti ni nyepesi. UCI, wasimamizi wa mchezo huo duniani, hawaruhusu baiskeli ya mashindano iliyo chini ya kilo 6.8. Kitambi cha shemeji hakina kanuni.

Fundi wa mtaani alimwonyesha ya mtumba: fremu ya alumini, tairi za milimita 32, usukani ulioinuka kidogo. Shemeji akacheka, akasema hiyo ni ya muuza maziwa. Akachukua yenye tairi za milimita 23, nyembamba kama mkanda wa suruali, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume na kushuka chini mno. Ukiushika, utadhani unatafuta sarafu iliyodondoka. Tairi la namna hiyo hujazwa upepo hadi liwe gumu kama jiwe, na kila kokoto hukusalimia uti wa mgongo. Nasi kokoto tunazo.

Saizi? Hakuuliza. Alipenda rangi. Hela ya kofia, pampu na mpira wa akiba ikaishia kwenye miwani.

Jumamosi alfajiri akaondoka kwa mbwembwe kwenda Bagamoyo. Saa nne tukamwona anarudi na bajaji, baiskeli imefungwa juu, mwenyewe amekalia upande mmoja. Sasa imetundikwa sebuleni, juu ya televisheni.

Shemeji, ile ya alumini bado iko kwa fundi. Nenda ukaijaribu kabla sijaichukua mimi.