Hotuba Juu ya Darien: Namna Sahihi ya Kupeleka Wigi Msituni

Darien ni sehemu ya shingo ya ardhi ya Panama, ambako Waskoti walianzisha koloni mwaka 1698 kwa mpango uliokamilika kila idara isipokuwa mahali, majira, bidhaa, uongozi na majirani. Mabingwa wa elimu ya makoloni, ambao ni wachache na aliye mkuu wao ndiye mwenye hotuba hii, wanashikilia kwamba mezani hakukutendeka kosa lolote. Makosa yote yalitendwa na msitu.

Mwenye wazo alikuwa William Paterson, mmoja wa waanzilishi wa Benki ya Uingereza ya mwaka 1694. Hoja yake ilikuwa na mashiko: shehena za Asia na Ulaya zikivushwa nchi kavu pale Darien, meli hazitahangaika kuizunguka Amerika Kusini, na mwenye kuishika njia atatoza kila apitaye. Wafanyabiashara wa London waliahidi fedha, kisha Bunge lao, likichochewa na Kampuni ya India Mashariki isiyotaka mpinzani, likawatia hofu wakajitoa. Waskoti wakajifunga kibwebwe, katika miaka ileile ya njaa kwao, wakaiahidi kampuni yao wenyewe ya biashara paundi 400,000 mwaka 1696. Fedha za umma zikiwa haba, hekima huongezeka. Hiyo ni kanuni ya hotuba hii, na haihitaji ushahidi.

Suala la bidhaa linastahili heshima ya pekee. Tabibu mmoja wa maharamia, Lionel Wafer, alikuwa ameishi na Waguna, wenyeji wa Darien, baada ya baruti kumuunguza goti, akasimulia jinsi wanaume wa huko wanavyozitunza nywele zao ndefu. Kampuni ya Waskoti ikapakia vitana. Ikapakia pia vitambaa vizito vya sufu kwa ajili ya nchi ya joto na unyevunyevu, Biblia za Kiingereza, na wigi. Wahenga walinena kwamba akili ni nywele. Wakurugenzi wakaona heri zisafirishwe zikiwa zimeshatengenezwa.

Meli tano ziliondoka Leith mwezi Julai 1698 na watu wapatao 1,200. Safari ilifanywa siri, na bahasha za maagizo zilifunguliwa baharini, baada ya kufika Madeira. Utaratibu huu hauna dosari, kwani abiria asiyejua aendako hawezi kulaumiwa kwa alichofungasha. Uongozi ulikabidhiwa kwa baraza lililobadilisha rais kila wiki, hivyo kila rais alipata siku saba nzima za kutengua maamuzi ya mwenzake.

Walitia nanga mwezi Novemba. Bandari waliyoichagua ilikuwa rahisi kuingia na ngumu kutoka, maana upepo wa kaskazini uliwafungia ndani majuma kwa majuma. Mke wa Paterson alifariki siku chache baada ya kufika. Waguna, ambao walikuwa na ugomvi wao na Wahispania, waliwapokea vizuri, lakini vitana hawakuvihitaji. Mvua zilipoanza, homa na kuhara vikawa vinazika watu kila siku. Unga ulioletwa ulikuwa umeingia funza: ulichemshwa kwa maji matupu, funza wakaelea juu, mpishi akawaengua kama povu la mchuzi, na kilichobaki ndicho kilicholiwa. Mfalme William wa Tatu, aliyetawala Uskoti na Uingereza kwa pamoja na hakutaka kuwaudhi Wahispania, alikuwa ameamuru makoloni ya Kiingereza yasiwauzie Waskoti chochote. Katikati ya mwaka 1699 walionusurika wakaondoka, na Paterson akapandishwa melini mgonjwa mahututi. Kati ya meli zile tano, moja tu, Caledonia, ndiyo iliyorudi Uskoti.

Msaada ulifika baadaye kidogo, wakati hapakuwa na wa kusaidiwa. Mtengeneza mapipa wa meli ya Olive Branch alishuka na mshumaa kuchota brandi, na meli ikateketea pamoja na chakula. Hapo msitu hauna hatia, fani inakiri.

Kundi la pili, kubwa kama la kwanza, likafika mwishoni mwa 1699 na kukuta vibanda vimechomwa. Februari 1700 Alexander Campbell wa Fonab aliwapiga Wahispania kule Toubacanti. Habari za ushindi zilipofika Edinburgh mwezi Juni, watu walijaa mitaani wakishangilia na kuvunja vioo vya nyumba zisizowasha taa. Koloni lenyewe lilikuwa limeshasalimu amri tangu mwisho wa Machi. Meli kubwa ya kundi hilo, Rising Sun, ikavunjwa na tufani nje ya Charleston. Waliokufa katika safari zote wanakadiriwa kufikia 2,000.

Wanahisa walipona. Mkataba wa Muungano wa Uskoti na Uingereza wa 1707 uliipa Uskoti fidia ya paundi 398,085, na sehemu yake ikawarudishia fedha zao pamoja na riba ya asilimia 5. Fedha taslimu hazikutosha, kwa hiyo wadai wengine wa fidia hiyo walipewa hati za deni, na kampuni iliyoundwa na wenye hati ndiyo iliyozaa Royal Bank of Scotland mwaka 1727, benki ambayo kumbukumbu za fani hii hazionyeshi kama iliwahi kusafirisha wigi.