Maprofesa wa Masizi

Moto ukiwaka Tanga hukosi watu wa kubeba ndoo. Ukizimika, watu haohao hubaki uani kukupa ushauri, na ushauri haujui kukauka kama ndoo.

Jiko letu la nje, Chumbageni, lilikuwa banda la makuti lililoegemea nyumba. Nyumba yenyewe ni ya zamani: chini mawe, juu mbao za msaji ambazo marehemu babu aliapa zilitoka Longuza, kule Muheza, kila alipompata mgeni wa kumsikiliza. Shangazi alikuwa akikaanga muhogo, kaskazi ikavuma, moto ukadaka kuti. Vijana walipokuwa wangali wanabishana zimamoto ni 112 au 114 (ni 114, 112 ni polisi), kina mama walishauzima na banda limelala chini. Hakuungua mtu. Muhogo ndio uliopata ajali.

Ukuta wa mbao nao ulisalimika, ila ulikuwa mweusi kuanzia dirishani hadi paani, weusi wa kunata. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Masizi hayakupewa taarifa.

Jirani akaja mbio na mpira wa maji. Fundi seremala, mzee wa mtaani, akamnyang'anya. "Mwanangu, maji yalikuwa ya kuzimia moto. Masizi yanataka brashi." Alisema kweli. Masizi ya mafuta ya kukaangia ni vumbi laini mno lenye grisi. Ukiyamwagia maji umeshatengeneza wino, na ubao huunywa. Kwanza brashi kavu, laini, juu kwenda chini, mkono mwepesi. Ndipo sabuni na kitambaa, na hapo unageuza: unaanzia chini ukipanda, maana maji machafu yakiteremka kwenye ubao mkavu huchora michirizi isiyotoka. Kugeuza huku kuliwashinda watu wazima wote. Watoto walielewa mara moja, tukawatumia.

Shemeji akaleta nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Fundi akazitupa barabarani: vipande vyake hubaki ndani ya ubao, vikipata kutu vinaacha madoa meusi mapya, na hayo hata moto hauhitajiki. Shangazi, ambaye bado alikuwa na deni la banda, hakuomba ruhusa. Alichota majivu akasugua kona nzima. Uchafu ulitoka kweli. Kona ikageuka rangi ya kahawa tungu, kwa sababu msaji ukipakwa majivu au magadi huzidi kuiva. Dawa yake ni kitu kichachu. Basi ndimu zote za nyumbani zikapanda ukutani, kona ikarudiwa na nuru yake, na usiku ule tukala wali kwa samaki bila ndimu, jambo ambalo kwetu wazee hulikalia kikao.

Mpwa wangu ndiye aliyeleta elimu ya mbali. Akasema huko Cincinnati, Marekani, miaka ya 1930, kampuni ya Kutol ilikuwa ikiuza donge laini la kufutia masizi ya makaa ya mawe kwenye karatasi za ukutani. Watu walipoacha makaa soko likafa, na mwaka 1956 donge lilelile likaanza kuuzwa kama mchezo wa watoto, Play-Doh. Ni kweli, nilihakikisha. Alichosahau ni kwamba karatasi haina nyufa. Akakanda unga wa chapati, akabandika, akabandua. Sehemu zilizorandwa zikatakata vizuri tu. Kwenye nyufa unga ukabaki, na asubuhi kuku walikuwa wakidonoa nyumba yetu kwa bidii ya mafundi wa kulipwa.

Ikabaki harufu. Fundi alishauri tuache mbao zikauke kabisa, tupige msasa kwa kufuata nyuzi za mti, kisha vanishi. Mjomba hakutaka kusikia vanishi. Yeye ni mtu wa pwani ya Deep Sea, maisha yake ni vyombo vya bahari, na chombo hupakwa sifa, mafuta ya papa. Ubao ulioshinda chumvi ya bahari, ati, utashindwa na moshi wa muhogo? Mjomba habishiwi. Alipaka peke yake, ghorofa nzima, akiimba.

Harufu ya moshi imekwisha kabisa. Ukuta unang'aa hadi unaonekana kutoka barabarani, wageni wanausifia wakiwa hukohuko barabarani, na paka wote wa Chumbageni wamehamia kwetu.