Huko Wakata Miti Hupigiwa Makofi

Wajomba wa Mlandizi hawakuamini walichosomewa. Mpwa wao, anayebeba maboksi Vienna, ameandika kwamba Septemba 2024 mafundi chenso wa mataifa mbalimbali walimiminika mjini humo, wakakata magogo mchana kweupe, na hakuna bwana misitu aliyewakimbiza. Walivishwa medali!

Ni mashindano ya dunia ya ukataji miti, yaliyoanza mwaka 1970. Mwaka 2023 yalifanyika Tartu, Estonia. Michezo ni mitano. Nguzo huangushwa kuelekea kigingi kilichochomekwa mbali, kisha mwamuzi huja na futi kupima fundi amekosea sentimita ngapi. Mnyororo wa chenso hubadilishwa kwa sekunde chache; Kisarawe muda huo fundi bado anaulizia spana. Gogo lenye matawi 30 hupogolewa, na kishina cha tawi kikizidi milimita 5, pointi zinakwenda.

Kioja chenyewe ni gogo linalolazwa juu ya ubao, na ubao ukafukiwa kwa maranda. Fundi akate mpaka chini bila kuugusa ubao asiouona. Mjomba mkubwa, mchoma mkaa mstaafu, aliuliza kwa nini wasiyafagie tu hayo maranda.

Halafu kuna suruali anayovaa fundi. Ndani imejazwa nyuzi ndefu. Mnyororo ukiichana, nyuzi hufumuka, zikajisokota kwenye gia, na mnyororo ukasimama papo hapo. Wajomba walitazamana. Fundi wanayemjua wao huangusha mkaratusi akiwa na kandambili miguuni na sigara mdomoni. Huko ughaibuni anayejikata hadi damu ikatoka hupunguziwa pointi. Kibaha hupelekwa Hospitali ya Tumbi.

Kicheko kando, hoja ipo. Shamba la miti la Ruvu Kaskazini, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, lina mikaratusi, na mkaratusi ukikatwa huchipua upya kisikini. Lakini kisiki kilichopasuka na kuchubuka magome huchipua kwa shida. Kumbe ule usumbufu wote wa milimita una faida shambani, si uwanjani tu.

Basi TFS na Chuo cha Misitu Olmotonyi waandae mashindano Ruvu, kwenye kitalu kilichofikia umri wa kuvunwa, na mafundi wa Kisarawe waalikwe mapema. Mpwa yuko tayari kutuma suruali moja ya kuanzia. Gharama ya mzigo atalipa mpokeaji.