Sifa za Chuchu ya Mpira

Watungaji wetu wameusifu mnazi kuanzia mizizi hadi makuti, wamemsifu punda, wamesifu hata muhogo. Chuchu ya mpira haijapata wa kuisemea. Wanaoitaja ni manesi wakigomba, mawifi wakisuta na madaktari wa meno wakitikisa kichwa. Basi leo naisimamia mimi, bila ujira na bila kutumwa na mtengenezaji yeyote.

Nianze na uaminifu wake. Chuchu ya mpira haina maziwa na haijapata kusema inayo. Mtoto huivuta usiku kucha, haitoi hata tone, na asubuhi wawili hao bado ni marafiki. Nitajieni mheshimiwa aliyetoa kiasi hichohicho kwa miaka mitatu na bado wapiga kura wake wakamlilia alipoondoka.

Sifa haziendi bila nasaba, na ya kwake ni ndefu. Kabla ya mpira, watu wa Ulaya walimpa mtoto kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake mkate au sukari, na wengine wakakichovya kwenye kileo, mtoto akalala upesi kuliko ilivyopasa. Mchoraji wa Kijerumani Albrecht Dürer alipomchora Bikira Maria mwaka 1506, alimpa mtoto Yesu fundo la namna hiyo mkononi; picha ipo Berlin hadi leo. Waingereza wenye mali waliwapa watoto wao marijani yenye mpini wa fedha. Mwaka 1900 Christian Meinecke wa New York akasajili umbo tunalolijua sote: chuchu, ngao ya kuizuia isimezwe, na pete ya kushikia. Mwaka 1949 wataalamu wawili wa meno wa Ujerumani wakaibana upande mmoja ili ikae vizuri kwenye taya. Yaani hicho mnachokiokota chini ya kiti cha daladala kimepita kwa mchoraji, kwa sonara na kwa matabibu. Wapo watu wanaokaa meza ya mbele harusini ambao nasaba zao hazijapita kwa yeyote.

Kazi zake ndizo zinazonifanya nisimame. Panda gari la Mbagala kwenda Kariakoo saa moja asubuhi, abiria wamesimama hadi mlangoni, konda bado anaapa kwamba nyuma kuna nafasi. Mtoto anaanza. Kwanza anaguna, kisha anafungua koo. Abiria thelathini wanamgeukia mama yake, kila mmoja na fani yake: huyu anasema ana njaa, huyu ana joto, yule wa dirishani amekwisha kugundua mchango. Mama anapekua mkoba, anaitoa, anaifuta kwenye kanga, anaichomeka. Kimya. Sijaona mkuu wa mkoa aliyewahi kutuliza umati kwa amri fupi kiasi hicho.

Na si daladalani tu. Katika wodi za watoto njiti, kunyonya kitu kisicho na chakula kumeonekana kuwasaidia wachanga hao kujifunza kula kwa mdomo na kufupisha kukaa kwao hospitalini. Mwaka 2005 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri mchanga apewe chuchu anapolazwa, kunyonya ziwa kukishakaa sawa, kwa sababu watoto wanaolala nayo hufa kwa nadra zaidi vile vifo vya ghafla vya usingizini. Hapo hata mimi naacha mzaha kidogo.

Adui zake nao ni wakubwa. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa hatua 10 za kufanikisha unyonyeshaji, na hatua ya 9 nzima ilikuwa ya kuipiga marufuku kwa watoto wanaonyonya. Bunge la Kenya likaiingiza kwenye sheria ya mwaka 2012 ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama. Kitu kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto, kisicho na chama wala jeshi, kikasomwa bungeni! Mwaka 2018 hatua ya 9 ikaandikwa upya: marufuku ikalegea, ikawa kumshauri mama juu ya matumizi na hatari zake. Chuchu yenyewe haikuwa imejibu lolote.

Madaktari wa masikio wanasema wanaoizoea sana huugua zaidi sikio la kati. Wa meno wanasema mtoto akiing'ang'ania kupita miaka mitatu, meno ya mbele ya juu na ya chini hushindwa kukutana. Wao huliita hilo kasoro. Mimi naona ulimi umefunguliwa dirisha. Tena akiiacha mapema, dirisha mara nyingi hujifunga lenyewe bila fundi. Kuhusu uchafu, watafiti wa Sweden waliofuatilia watoto 184 walichapisha mwaka 2013 kwamba wale ambao wazazi huilamba chuchu iliyoanguka kabla ya kuirudisha walipata ukurutu na pumu kwa uchache. Madaktari wa meno wakaruka tena: mate ya mkubwa hubeba vijidudu vya kuozesha meno. Watu hawa hawaridhiki.

Lakini utukufu wake hasa hudhihirika inapofukuzwa. Nimeushuhudia nyumbani kwa mpwa wangu, Tabata. Dada yangu, bibi wa mtoto, ndiye aliyefungua kikao. "Mwanangu, ipake shubiri. Wewe nilikuachisha ziwa kwa shubiri hiyohiyo, na mbona umekua?" Ikapakwa. Mtoto akaionja, akakunja uso, akaifuta kwenye dera la bibi yake, akaendelea. Shangazi mtu akashauri ikatwe ncha kidogokidogo kila siku. Nesi wa kliniki akakataza: kipande kikinyofoka kinaweza kumkaba mtoto.

Wenzetu wa Denmark wamestaarabika. Katika bustani ya Frederiksberg, Copenhagen, upo mti ambao watoto huenda kutundika chuchu zao na kuziaga kwa heshima. Dar es Salaam hatuna mti huo. Tuna kunguru. Ndege hao wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 wasaidie kuondoa taka, wakavuka hadi bara bila kuombwa. Wizi wao wa sabuni na vifaranga unajulikana kila mtaa, hivyo kuwaongezea shtaka moja hakukumkosesha mtu usingizi.

"Kunguru kaichukua, mama," baba akamwambia binti yake.

"Kampelekea nani?"

"Mtoto wake. Naye analia."

Binti akafikiri. "Kunguru ananyonya?"

Baba, aliyesoma biolojia hadi kidato cha sita, akajibu kwamba ananyonya.

Hapo ndipo niliposhika kalamu. Kitu ambacho hakijawahi kudanganya kinaondolewa kwa uongo wa nyumba nzima, na kila mmoja anautilia nguzo: bibi amemwona kunguru mwenyewe, shangazi ameona alikoelekea, dada wa kazi anaujua hata mti wake. Usiku uongo ukaanza kudai. Mtoto alilia kwa mpangilio, akipumzika ili asikilize kama kuna anayekuja. Saa tisa baba alikuwa dirishani kwa Mangi mwenye duka akigonga kwa sarafu, na Mangi akamwambia ipo ya bluu tu. Wakati huohuo mama alikuwa amepanda kiti akipapasa juu ya kabati, alikoificha ile ya zamani kwa mkono wake. Asubuhi mtoto alikuwa na chuchu mbili, na nyumba ikalazimika kueleza kwamba kunguru ameirudisha pamoja na faida. Tangu siku hiyo mtoto huyo huwasalimia kunguru shikamoo.

Walipoiondoa kweli, mwezi uliofuata, alilia kidogo kuliko ilivyohofiwa, na usiku wa tatu akalala mapema. Aliyehangaika ni baba: saa tisa alikuwa macho akisubiri kuitwa, kisha akaenda kuchungulia kama mtoto anapumua.

Ndugu wakapongezana hadi alasiri. Ndipo bibi alipomkuta mjukuu wake mkekani, ametulia tuli, kidole gumba mdomoni. Hicho alianza nacho tumboni kwa mama yake, kabla hajakijua kiwanda chochote. Hakianguki daladalani, hakifichwi juu ya kabati, hakikatwi ncha, na hakuna kunguru wa kusingiziwa.