Stoo ya Ukoo

Kila mwaka ukianza, hakosekani mtu wa kukushauri upunguze mizigo. Tupa makorokoro, samehe, anza upya. Safari hii mama watoto kaniletea yule Mjapani, Marie Kondo, mwandishi wa vitabu vya kupanga nyumba, aliyepata na kipindi chake Netflix mwaka 2019. Masharti yake: shika kitu mkononi, jiulize kama kinakupa furaha. Kama hakikupi, kishukuru, kiage, kiende zake.

Haya. Nikaanzia stoo, kwenye televisheni ya chogo. Furaha gani? Tangu mitambo ya analojia izimwe hapa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, bila king'amuzi ni chenga tupu, na king'amuzi chenyewe kaondoka nacho shemeji. Kijana wa vyuma chakavu yuko getini na mkokoteni, bei tumeshapatana. Mama watoto akadaka: "Hiyo ya mjomba, muulize kwanza."

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hiyo TV usiiguse, nakuja kuichukua."

Anakuja kuichukua tangu Kikwete yuko Ikulu.

Sasa huyo Kondo anadhani vitu vya ndani ni vyangu! Godoro ni la mpwa aliyemaliza chuo akaenda zake. Sanduku lisilo na magurudumu ni la shangazi, limejaa khanga za marehemu bibi, na kuligawa kunataka kikao cha ukoo. Kreti la chupa tupu lina dhamana yetu kwenye duka ambalo siku hizi ni kibanda cha wakala wa pesa. Tena Kondo mwenyewe, mwaka 2023, akiwa na watoto watatu, alisema nyumbani kwake siku hizi ni shaghalabaghala. Nikamsomea mama watoto. Akanijibu: "Yule ana watoto watatu. Wewe una visingizio."

Nikahamia moyoni, angalau huko nakaa peke yangu. Nina kinyongo na jirani aliyeazima ngazi, ikarudi haina kipandio cha katikati. Nikamsamehe kimyakimya, asubuhi nikamsalimia. Kurudi ndani, nimenuniwa. "Umemsalimia? Nyumba hii hatusalimiani nao!" Hata kinyongo nimekiwekea hisa na familia, kukifuta lazima akidi itimie.

Ikabaki simu. Kuna grupu la kamati ya harusi ya binamu. Harusi ilifanyika, ndoa ikavunjika, grupu linadunda. Nikatoka. Dakika haijaisha, mweka hazina kapiga.

"Kaka, unatoka na ahadi hujamalizia?"

"Si walishaachana?"

"Walioachana ni wao. Mwenye ukumbi bado anadai."

Jioni akaniunga tena, na cheo juu: admini.