Namna ya Kuilaumu Ridi

Maharusi wameshafika mlangoni, mshereheshaji ameshawainua wageni, bendi imeingia kwa madaha, na wewe mpuliza saksafoni unavuta pumzi uimwage solo. Kinachotoka ni mlio wa bata aliyekanyagwa na bajaji. Mpiga besi anakugeukia. Mpiga drams anainama kama anayefunga kamba za viatu, kumbe anacheka. Usibabaike. Toa chombo mdomoni, kitazame kwa masikitiko kama mzazi aliyeitwa shuleni, tikisa kichwa, kisha useme kwa sauti itakayofika mpaka meza ya wazee: "Ridi hii!" Imetosha. Ukumbi mzima hakuna anayejua ridi ni nini, na asiyejua habishi.

Akitokea mdadisi mmoja, mweleze. Ridi ni kibanzi cha tete, nchani chembamba kuliko ukucha, kinachofungwa kwenye mausipisi, kile kipande unachoweka mdomoni. Ukipuliza kinatetemeka, na mtetemo huo ndio mwanzo wa sauti. Shaba yote inayong'aa pale chini inaupokea tu na kuukuza. Adolphe Sax, fundi wa Kibelgiji aliyepata hataza ya chombo hiki Ufaransa mwaka 1846, alipiga hesabu za mabomba na matundu mpaka zikakaa sawa, halafu roho ya kitu kizima akaikabidhi kwa mmea unaoota kandokando ya maji. Ndiyo maana saksafoni, pamoja na shaba yake yote, ni ndugu wa zumari na si wa tarumbeta. Matete yenye sifa hutoka Var, kusini mwa Ufaransa. Habari hii itunze vizuri: bata aliyelia Tabata unaweza kumsingizia mkulima wa Ulaya, na hayupo kujitetea.

Sasa twende dukani. Ridi huuzwa kwa namba kulingana na ugumu, kuanzia 1 hadi 5, nyingi zikipanda kwa nusu nusu. Wewe chukua namba 4. Namba si darasa, kila mwalimu atakwambia hivyo, na anayeanza hutosheka na 2 au 2 na nusu. Lakini mwenzako anapuliza 3, utakubalije? Ukifika nyumbani utapuliza mpaka mishipa ya shingo isimame, na kitakachotoka ni hewa tupu, kama pampu ya baiskeli iliyopasuka. Hapo utasema boksi zima ni feki. Ukichukua laini kupita kiasi, raha ni ile ile kwa upande wa pili: sauti nyembamba, noti za juu zinashuka chini ya mahali pake, na ukipuliza kwa nguvu ridi inajibana kwenye mausipisi, kimya.

Kuifunga ridi nako kuna ufundi wake wa kuharibu. Wenye kujua huilowesha kwanza, mdomoni au kwenye glasi ya maji safi, dakika mbili tatu, kwa sababu ridi kavu hujikunja nchani kama bati lililopigwa jua. Ikijikunja huilaza juu ya kipande cha kioo na kuibonyeza kwa kidole gumba mpaka inyooke. Kisha huisimamisha katikati kabisa, ncha yake ikilingana na ncha ya mausipisi, tofauti ikizidi sana iwe ya unywele mmoja, ndipo wakaze kibanio kiasi cha kuishika tu. Wewe huna muda huo, wageni wanasubiri. Ichomeke ilivyokaa, upande kidogo, kaza skrubu kama za tairi la lori. Bata yuko tayari.

Kuhusu matunzo sitasema mengi. Kunywa soda, kula chipsi, puliza. Ukimaliza, iache ridi palepale kwenye mausipisi hadi Jumamosi ijayo, na kwa jasho la hewa ya Dar es Salaam utaikuta imeota ukungu. Kuna watu wa ajabu wanaozifuta, wanazikausha na kuzihifadhi zimelala bapa. Wanaweka nne kwenye zamu, wamezipa alama kwa penseli, na ridi mpya wanaipuliza dakika kumi tu siku ya kwanza. Ukipata moja nzuri usiwaige. Ipige usiku na mchana mpaka ife.

Lipo jambo moja nakusihi usilifanye mbele za watu, nalo ni kipimo. Unachomoa mausipisi ikiwa na ridi yake, unaziba tundu la nyuma kwa kiganja, unafyonza hewa yote, kisha unaitoa mdomoni. Ridi ikiganda kidogo halafu ikaachia kwa mlio wa "po!", imekaa sawa na haivujishi. Hewa ikirudi papo hapo, kuna mwanya: imepinda, au umeifunga vibaya. Ubaya wa kipimo hiki ni kwamba kinasema kweli. Na ukibadilisha ridi tatu na bata akabaki yule yule, basi bata si wa ridi. Huenda kuna pedi isiyofunga, kwa kuwa saksafoni ilisafiri ndani ya daladala ikiwa imekaliwa na spika. Au ni meno yako, yanang'ata badala ya midomo kushika.

Mimi kipimo cha namna hiyo nilifanyiwa bila kuomba. Usiku mmoja nililia bata kuanzia wimbo wa kwanza hadi mapumziko, na kila alipolia niliitaja ridi. Mzee wetu mmoja, aliyeanza kupuliza kabla sijazaliwa, alinyoosha mkono bila kusema neno. Nikampa chombo. Akafuta mausipisi kwa leso yake, akaipanga shingo ya saksafoni vizuri, akapuliza taratibu noti moja ndefu, ya chini kabisa, zile zinazonishinda mimi. Ilitoka nene na laini mpaka wahudumu wakasimama na trei zao. Akanirudishia.

"Ridi yako nzuri sana, kijana wangu," akasema, akaenda zake kula pilau.

Tangu siku hiyo sitaji ridi mbele ya wazee. Nawataja fundi mitambo na unyevu wa hewa.

Siku hizi zimeingia ridi za plastiki. Haziloweshwi, hazioti ukungu, ya leo na ya mwezi ujao zinalia karibu sawa, na moja inadumu miezi. Bei yake inaumiza, lakini ukijumlisha maboksi ya tete unayotupa, hesabu hukaribiana. Sizipendekezi hata kidogo. Ukishafunga ya plastiki na bata akalia, utamtaja nani?

Kwa hiyo, mwenye ridi za tete za tenori, namba 2 na nusu, hata kama zimeshapulizwa, anitafute kabla ya Jumamosi. Nina harusi, na yule mzee atakuwepo.